Majina Manne ya Kituo Kimoja

Takwimu za kituo cha afya cha Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, na kuishia DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania ilikuwa imeueneza nchi nzima kufikia 2013. Humo kituo kina majina manne. Katika orodha ya vituo kimo chini ya organisationUnits. Takwimu zikitumwa kwa JSON ni orgUnit. Ukiomba uchambuzi ni ou. Kwenye hifadhidata, jedwali la takwimu linakitambua kwa sourceid.

Mtu anaunda programu ya kusoma takwimu za wilaya ya Kibiti, ilipo Mbwera, na mahali fulani jina linageuka orgunit, u ndogo. JavaScript haipigi kelele. Ukiiomba sifa isiyokuwepo inakupa undefined na kazi inaendelea. Wakati wa kutuma, JSON.stringify inaidondosha sifa hiyo kimyakimya, na ripoti inaondoka haina kituo.

Hapo ndipo namvulia kofia fundi mzuri. Habadilishi majina ovyo mpaka skrini iliyobaki tupu ijae takwimu. Anafungua kivinjari, anasoma jibu la seva kama lilivyofika, herufi kwa herufi. Jina likiwa sahihi, kosa liko mbele, upande wa skrini. Likiwa limeharibika, anarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi kwenye hifadhidata. PostgreSQL hushusha kila jina lisilofungwa kwa alama za nukuu kuwa herufi ndogo: ukiandika AS orgUnit, unapewa orgunit. Ni tabia ya siku zote ya PostgreSQL, lakini ni rahisi kuisahau.

Akishalipata kosa, analirekebisha mahali pamoja tu, pale takwimu zinapoingia kwenye programu. Kuandika row.orgUnit || row.orgunit katika kila faili kungeijaza skrini leo hii, lakini kungeliacha kosa palepale, na yeye hataki hilo.

Delta inadai subira zaidi. Simu ya mhudumu wa afya kule kwenye mikoko huweza kukaa bila mtandao, ikitunza taarifa kwa jina la zamani. Kwa hiyo jina likibadilishwa, fundi huiacha seva ipokee majina yote mawili. Anafuatilia simu zipi bado zinatumia toleo la zamani, anasubiri zitume, ndipo anaondoa jina la awali na kuandika sababu kwenye kumbukumbu za msimbo, kwa ajili ya atakayerithi kazi.