Haidreti Haiyeyuki: Maoni juu ya Istilahi za Gesi Asilia

Istilahi zihusuzo haidreti ya methani zastahili kuhakikiwa kabla hazijaota mizizi. Haidreti hiyo ni gesi asilia iliyonaswa katika vizimba vya molekuli za maji, mahali penye baridi na kanieneo kubwa, hasa chini ya sakafu ya bahari na katika ardhi iliyoganda ya nchi za kaskazini. Wako watafsiri waiitao "barafu ya gesi", na kuvunjika kwake wakakuita "kuyeyuka".

Kwa sura, jina hilo lafaa. Hata Wajapani huiita kwa lugha yao barafu iwakayo. Ila kitenzi "kuyeyuka" chapotosha mara mbili. Kwanza, chamfanya msomaji adhani kwamba joto pekee ndilo litendalo kazi, ilhali njia iliyotumika zaidi katika majaribio ni kupampu maji kutoka kisimani ili kanieneo ipungue. Pili, barafu iyeyukapo huacha maji matupu. Mita moja ya ujazo ya haidreti ikivunjika hutoa maji na takriban mita za ujazo 160 za gesi, ikipimwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Isitoshe, haidreti hushikamanisha chembe za mchanga. Ikiondoka, mchanga hulegea.

Haya si mabishano ya maneno tu. Mwezi Machi 2013, katika bahari ya Nankai nchini Japani, gesi ilitoka kwa muda wa siku sita hivi, kiasi cha mita za ujazo 120,000, kisha mchanga ukaingia kisimani na jaribio likasimamishwa. Ndiyo maana modeli za kihesabu za uvunaji huu hukokotoa kwa pamoja mtiririko wa gesi na maji, mwendo wa joto, kuvunjika kwa haidreti, na nguvu za udongo.

Hapo ndipo tunapokataa pia "utulivu wa ardhi". Kitu kitulivu ni kile kisichotikisika kwa sasa. Mteremko wa sakafu ya bahari waweza kutulia leo, nao u karibu kuporomoka. Modeli haiulizi kama ardhi imetulia; yauliza itastahimili mzigo kiasi gani gesi ikiisha kutolewa. Hiyo ni dhana ya "uthabiti".

Ofisa aambiwaye kwamba barafu itayeyushwa taratibu na ardhi ni tulivu, hana sababu ya kuuliza habari za mchanga wala za maporomoko. Ataidhinisha mradi kwa kuiamini tafsiri.

Kwa hiyo twapendekeza "haidreti ya methani" badala ya "barafu ya gesi"; "mtengano" badala ya "kuyeyuka", kwa kuwa maji na gesi hutengana; "uthabiti wa ardhi" badala ya "utulivu"; na "modeli" badala ya "mfano", neno ambalo tayari limeelemewa na maana nyingine. Walimu na watafsiri wenye hoja tofauti twawaomba watuandikie.