Ufunguo wa Watu Wawili: Namna ya Kupima Riwaya ya Mapenzi na Taharuki

Kwa mila ya Wachagga, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na aliyekosewa hupata tabu kubwa kulikataa. Mmea huohuo hupandwa mipakani mwa vihamba, ukisema kimyakimya kwamba shamba la fulani linaishia hapa. Jani halina makali wala kufuli. Linalinda kwa sababu anayelituma na anayelipokea wanalisoma sawasawa. Kwa mgeni ni majani ya ua tu. Riwaya ya mapenzi inayohusu msimbo wa siri na ulinzi ipimwe kwa jani hilo: tazama ufunguo uko kwa nani. Ukiwa mfukoni mwa mlinzi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kitabu kinasimulia mfungwa na askari wake, hata kama kila sura ina busu. Ukiwa wa wote wawili, au mmoja akamfundisha mwenzake huku akijua kwamba kufundisha huko kunaweza kumponza, hapo penzi na hatari vimefumwa kwa uzi mmoja.

Kipimo hiki hakikutoka hewani. Msimbo ni lugha ya wachache, na mapenzi nayo yana lugha ya wachache: wapenzi huitana majina wasiyoyajua majirani, na mwanamke wa pwani huweza kuvaa kanga ambayo maneno yake yatamchoma mtu mmoja tu katika umati mzima. Kwa hiyo jaribu kuung'oa msimbo kwenye hadithi. Katika kazi dhaifu, karatasi yenye tarakimu za siri inaweza kubadilishwa ikawa mkoba wa almasi, na sura zote zikaendelea kama kawaida. Katika kazi bora, fumbo halifumbuki mpaka anayelifumbua amfahamu aliyelitunga: alilelewa na nani, anaogopa nini, anaficha huzuni gani. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochanjwa alama na kutumiwa kuwafundishia vijana. Kuziona alama hizo hakukutosha. Ilihitajika sauti ya mzee kuzifasiri. Mwandishi aliyeelewa hilo hatampa shujaa wake kompyuta ya kufumbua kila kitu usiku mmoja, kwa maana atakuwa amemnyima sababu ya kumwendea mwenzake na kumuuliza.

Ulinzi nao una kipimo chake. Huko Marangu, kwa Wachagga haohao, bado yapo mahandaki ambamo watu walijificha na mifugo yao nyakati za vita. Handaki liliwafaa waliokuwa ndani kwa sharti kwamba nao walinde kitu: kimya chao. Katika riwaya nzuri anayelindwa ana wajibu wa namna hiyo, na akiukosea kuna linaloharibika. Mtu atauliza kama hapa hatuwahukumu vibaya mabingwa wetu, kwa kuwa Willy Gamba, jasusi aliyebuniwa na Elvis Musiba na kujulikana kwa Kufa na Kupona ya mwaka 1974, hubeba siri zake mwenyewe. Sivyo. Hizo ni riwaya za upelelezi, na wanawake wanaopita humo hawakuahidiwa kuwa nguzo za hadithi. Deni linaanza pale kitabu kinapojiita cha mapenzi. Mwandishi Ben Mtobwa alilisogelea deni hilo alipompa mpelelezi wake, Joram Kiango, mwenzi anayeitwa Nuru, anayeingia naye hatarini. Na msomaji makini atauliza kila mara Nuru anajua nini ambacho Joram hakijui.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ufunguo ukijulikana mapema, taharuki hufa. Wanaosema hivyo wanachanganya fumbo na taharuki. Fumbo hutuuliza maana ni nini. Taharuki hutufanya tuogope ilhali maana tunaijua. Chukua jambo la kawaida kama kubipu. Wapenzi wamekubaliana: mlio mmoja nimefika salama, milio miwili usije. Msomaji anajua. Simu inalia mara moja, inakatika, kisha mvua inaangusha mtandao. Je, huo ulikuwa mlio mmoja, au wa kwanza kati ya miwili? Mfano huo unawajibu pia wanaodai kwamba alama za siri ni mambo ya kale. Ishara haihitaji uzee; inahitaji mapatano.

Mahali napo pasiwe pazia la kupambia. Riwaya ikiwa ya Uchaggani, kuutaja mlima wenye mita 5,895 hakutoshi. Angalia kama ardhi inafanya kazi. Vijiji vya miteremkoni vimetengwa na makorongo, hivyo mkimbizi wa miguu anayekijua kivuko hufika mgongo wa pili huku gari linalomfuata likilazimika kuteremka hadi barabara ya chini na kupanda upya. Angalia pia kalenda. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, kila boma lina sura ngeni, na muuaji anaweza kukaribishwa pombe ya mbege kwa kudhaniwa mjukuu wa fulani. Mwandishi anayeacha utajiri huo na kutuletea ghala tupu na taa inayopepesa amekuja Moshi kupiga picha tu.

Basi ukishika kitabu cha aina hii, fungua pale ishara inapotokea mara ya kwanza, kisha pale inapotumika mara ya mwisho. Mwanzoni pengine mlinzi ndiye aliyeituma, na anayelindwa aliisoma kwa kubahatisha. Mwishoni mtafute aliyelindwa. Ikiwa sasa yeye ndiye anayepeleka jani, na mlinzi ndiye anayesimama mlangoni akihangaika kulisoma, nunua kitabu hicho.