Saa Janja na Ukuta wa Siku 30

Mtengeneza programu akitaka kumwonesha mtu mwenye shinikizo la damu mapigo ya moyo wake ya mwaka mzima, atagonga ukuta mapema. Health Connect, ghala la data za afya katika simu za Android, kwa kawaida huiruhusu programu kusoma data za programu nyingine kuanzia siku 30 tu kabla ya kupewa ruhusa ya kwanza. Tuseme mkulima wa mpunga wa Ipinda, wilayani Kyela, ametoa ruhusa Juni 1: programu itaona kuanzia Mei 2. Akiifuta na kuirudisha Septemba 1, hesabu inaanza upya, na sasa itaona kuanzia Agosti 2. Data za Juni bado zimo ghalani, lakini programu haizifikii.

Kwa Apple Watch ukuta ni wa namna nyingine. Saa hubaki na data za karibuni, na kumbukumbu ndefu hukaa kwenye iPhone. Programu ya saa ikiuliza habari za kabla ya tarehe inayoruhusiwa, HealthKit, mfumo wa Apple wa data za afya, huijibu kuanzia tarehe hiyo, bila kulalamika. Asiyeikagua tarehe hiyo kwanza atachora sifuri mahali ambapo hakuona kitu, na mtumiaji atadhani hakutembea.

Thamani ya data za nyuma imeonekana Kyela. Kati ya 2006 na 2011, utafiti wa EMINI ulipita kaya za maeneo tisa ya Mbeya, Kyela ikiwemo, ukipima VVU na kuhifadhi damu. Baadaye watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mbeya na wenzao wa Munich wakauliza: je, minyoo ya matende huongeza hatari ya kuambukizwa VVU? Waliitoa damu ya Kyela iliyohifadhiwa, wakaipima kama ina minyoo hiyo, kisha wakalinganisha na vipimo vya VVU vya miaka iliyofuata. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2016: wenye minyoo waliambukizwa VVU kwa kasi ya takriban mara mbili. Swali lilikuja nyuma ya data, likajibika kwa sababu sampuli, tarehe na mshiriki havikutenganishwa.

Hata hivyo, ukuta wa siku 30 una haki ya kuwepo. Aliyekuruhusu leo hajakukabidhi maisha yake yote ya nyuma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo usitafute mlango wa uani. Health Connect ina ruhusa ya pekee ya kusoma historia: iombe, ukieleza sababu kwa Kiswahili cha kawaida. Tangu siku ya kwanza, hifadhi kwa ridhaa yale tu utakayoyahitaji. Na pale usipoona, andika “hakuna data”, usiandike sifuri.