Kumbukumbu ya Kuazima: Mafumbo ya Last Call BBS Yakisomwa kutoka Kalemie

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na riwaya, tamthiliya, ushairi na fasihi simulizi. Michezo ya kompyuta haimo katika orodha hiyo, na yamkini wapo watakaouliza inatafuta nini katika kurasa za taaluma hii. Jibu limo ndani ya fasihi simulizi yenyewe. Kitendawili, fumbo na chemshabongo vimehesabiwa siku zote kuwa mali ya utamaduni inayostahili kuchunguzwa, na mchezo wa bao umeandikiwa tasnifu nzima, ile ya Alex de Voogt ya mwaka 1995 iliyochunguza umahiri wa wachezaji wa Zanzibar. Fumbo halipotezi hadhi yake kwa kuhama kutoka barazani kwenda kwenye kioo cha kompyuta. La kuulizwa ni kipi hupotea na kipi hupatikana katika uhamaji huo.

Kazi inayohakikiwa ni Last Call BBS, mkusanyo wa michezo minane uliotolewa mwaka 2022 na studio ya Zachtronics ya Marekani, iliyoanzishwa na Zach Barth. Studio hiyo iliutangaza mkusanyo huu kuwa kazi yake ya mwisho, na jina lenyewe ni la kuagana: ni mwito wa mwenye baa anayewaambia wateja waagize kinywaji cha mwisho kabla ya kufunga. Usomaji wa makala haya umewekwa Kalemie, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Albertville enzi za Wabelgiji, na ambayo tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Mchezo hauutaji mji huo. Hata hivyo, kazi inayodai kukumbuka kwa niaba ya wote hupimwa vema zaidi na yule ambaye kumbukumbu hiyo si yake.

2.0 Fani: Hadithi Ndani ya Hadithi

Kwa upande wa muundo, mkusanyo huu unatumia mbinu ambayo msomaji wa Alfu Lela Ulela anaifahamu: hadithi kubwa inayobeba hadithi ndogo. Hadithi kubwa hapa ni kompyuta. Mchezaji anafungua programu na kujikuta mbele ya mashine iitwayo Sawayama Z5 Powerlance, ambayo haikupata kuwako duniani. Ni mashine ya kubuni, yenye rangi, milio na ukaidi wa kompyuta za nyumbani za miongo ya mwisho ya karne ya 20. Kwa mashine hiyo mchezaji huiga kupiga simu kwa modemu hadi kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta, na huko hukutana na mhusika aitwaye Mwenye Baa, ambaye amekusanya michezo na kuiweka ichukuliwe. Ubao wa namna hiyo ulikuwako kweli: wa kwanza uliofunguliwa kwa umma ulianzishwa Chicago mwaka 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Aliyeuhitaji aliupigia simu, akaacha ujumbe, akasoma za wenzake.

Michezo yenyewe haiji mara moja. Mchezaji huagiza mmoja, kisha hungoja ushuke polepole. Wakati wa kungoja huweza kucheza karata za Sawayama Solitaire, zilizomo tayari ndani ya mashine. Ucheleweshaji huu ni wa makusudi kabisa, kwa kuwa kompyuta ya leo ingeuleta mchezo huo kufumba na kufumbua. Ni takriri ya kimya: kila mchezo mpya humkumbusha mchezaji kwamba zamani kitu kilingojewa, na kilichongojewa kilithaminiwa.

Mafumbo ya mkusanyo yanaweza kugawanywa katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni fumbo la jibu moja. Mfano wake bora ni Dungeons & Diagrams, ambamo mchezaji hupewa mraba wenye vyumba vidogo na tarakimu pembezoni, naye huweka kuta mpaka kila tarakimu itimie: kila njia isiyo na pa kutokea ikae dude, na kila hazina ipate chumba chake. Hakuna bahati hapa, wala kasi. Ipo hoja tu, ikifuatwa na hoja. Kundi la pili ni fumbo la kujenga. Katika 20th Century Food Court mchezaji huunganisha mitambo ya kutengeneza chakula ili mmoja uanze pale mwingine uishiapo. Katika ChipWizard Professional hulaza tabaka za silikoni na metali mpaka saketi ifanye kazi iliyotakiwa. Katika X'BPGH hukuza nyama yenye uhai wa kutisha hatua kwa hatua. Mafumbo haya hayana jibu moja. Yana majibu mengi, na majibu hayo hutofautiana kwa urahisi, kwa wepesi na kwa uzuri.

Hapa ndipo ufundi wa studio unapodhihirika. Tangu SpaceChem ya mwaka 2011, Zachtronics imemtendea mchezaji kama fundi anayebuni, na haikumfanya mwanafunzi anayebahatisha jibu lililofichwa na mwalimu. Kwa kiwango hicho mkusanyo huu unastahili sifa bila kusitasita. Fumbo la kujenga halimdanganyi mtu: likikushinda, kosa liko mbele ya macho yako.

3.0 Kitendawili Bila Mji

Ukilinganishwa na utegaji wa vitendawili, mkusanyo huu unaonyesha upungufu ambao haukutokana na uzembe. Umetokana na chombo chenyewe. Kitendawili cha Kiswahili si swali na jibu tu; ni maafikiano. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira ikaitika "Tega!", na kwa mwitiko huo hadhira imekubali kushindana. Ikishindwa, haiachwi na aibu yake. Mtegaji hudai mji, hadhira ikampa, naye huupokea, akajisifu kidogo kwamba amefika huko na kustareheshwa, ndipo akatoa jibu. Mji ni bei ya ujinga, na ni bei ya heshima: aliyeshindwa ametoa kitu, na aliyeshinda amelazimika kufundisha.

Mwenye Baa hana wa kumdai mji. Huzungumza, lakini haitikiwi. Mchezaji aliyekwama katika ChipWizard saa tatu za usiku hana Kigoma wala Kabalo ya kutoa ili afunuliwe. Hukaa na fumbo lake peke yake mpaka alifumbue au azime mashine. Mbao za matangazo za zamani zilikuwa mahali pa watu, na uhai wake ulikuwa ujumbe wa mtu kwa mtu. Mkusanyo huu umeuhifadhi ukumbi huo baada ya kuwatoa waliokuwa wamekaa ndani yake. Huzuni inayomshika mchezaji katika kazi hii hutoka hapo zaidi kuliko katika rangi za kioo, na yafaa ikubaliwe kuwa waandishi wanaijua. Baa inafungwa, na mteja aliyebaki ni mmoja.

Jambo la namna hii limewahi kuukuta utamaduni wa jimbo lenyewe. Waluba, ambao sehemu yao hukaa magharibi mwa jimbo la Tanganyika, walikuwa na lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na makome, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa ncha za vidole huku wakisimulia habari za wafalme, za uhamiaji na za mahali patakatifu. Mwaka 1996 mbao hizo zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts kuhusu sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Lukasa haikuwa na usomaji mmoja. Ilisomwa kulingana na tukio, na kulingana na msomaji na wasikilizaji wake. Ikiwa ndani ya kabati la kioo, shanga zote zipo na umbo lipo, ila kidole hakipo. Z5 Powerlance ni lukasa ya namna hiyo: chombo cha kumbukumbu kilichotunzwa vizuri kuliko mazungumzo yaliyokifanya kiwe na maana.

4.0 Maudhui: Ya Kale ni ya Nani?

Dhamira kuu ya kazi hii ni kutamani yaliyopita. Mchezaji aliyekulia Marekani au Ulaya, mwenye umri wa kutosha, hurejeshewa chumba chake cha ujana. Kwa msomaji wa Kalemie mambo hujipanga kinyume. Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 haikuwa sehemu ya maisha ya mji huo. Mtu hawezi kutamani kurudi asikopata kuwako. Lakini yale ambayo mchezo unayaweka pembeni kama viungo vya enzi, yaani kungoja faili ishuke taratibu na kupokea programu iliyonakiliwa na kuvunjwa kufuli kutoka kwa mtu anayemjua mtu, si ya kale hata kidogo katika miji mingi ya Afrika ambako intaneti ni ghali na umeme hukatika. Kwa hiyo kilichofanywa ukumbusho kwa mmoja ni hali ya kila siku kwa mwingine. Utamu wa kungoja huonjwa na yule tu ambaye halazimiki kungoja.

Ufuo wa ziwa una mfano wake wa mashine ya kale. Meli iitwayo leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika masanduku hadi Kigoma, ng'ambo ya Kalemie, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikachukua abiria hadi karne ya 21. Mmoja wa michezo ya mkusanyo huu, STEED FORCE Hobby Studio, humpa mchezaji vipande vya roboti ya plastiki avikate, aviunganishe na kuvipaka rangi, kisha aviweke rafuni. Tofauti ya vitu hivi viwili haihitaji maelezo marefu. Roboti hukamilika inapotazamwa. Meli hukamilika inapobeba watu. Pwani za Tanganyika zimeijua mashine kuukuu kama kitu cha kutengenezwa tena na tena kwa sababu bado inahitajiwa, na hisia inayoambatana nayo ni uvumilivu kabla ya kuwa ni tamanio.

Liko pia suala la malighafi. ChipWizard hufundisha kwa ustadi kwamba kompyuta si uchawi. Ni tabaka za vitu zilizopangwa. Lakini vitu hivyo huja kutoka pasipojulikana: mchezaji hubofya, metali ikatandazwa. Katika jimbo la Tanganyika, mji wa Manono umechimbwa bati tangu enzi za kampuni ya kikoloni ya Géomines, na udongo wake una koltani na lithiamu pia. Bati huunganisha sehemu za saketi. Tantalamu itokayo katika koltani hutumika katika kapasita. Lithiamu huingia katika betri. Haidaiwi hapa kwamba mchezo wa mafumbo uwe hotuba ya siasa. Linalodaiwa ni la kisanaa: kazi iliyochukua taabu ya kuiga mlio wa modemu kwa sababu inaamini vitu vina historia imeishia njiani, ikaikumbuka mashine tangu ilipowashwa na kuisahau tangu ilipochimbwa.

Jina la 20th Century Food Court linadokeza kwamba waandishi hawakuwa vipofu kwa udhaifu wa kumbukumbu. Huiangalia karne ya 20 kama karne iliyokwisha, na vyakula vyake kama mambo ya kuundwa upya na mitambo. Kejeli hiyo ingepanuliwa ikaigusa Z5 Powerlance yenyewe, mkusanyo ungejihoji badala ya kujiliwaza.

5.0 Hitimisho

Last Call BBS ni kazi ya mafundi waliobobea, na mafumbo yake yatadumu hata hamu ya mashine za zamani itakapopoa, kwa kuwa hoja haizeeki. Inapungukiwa pale inapomtaka kila mchezaji aazime ujana wa mtu mwingine na kuulilia kama wake.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, somo lililomo ni la kazi zaidi kuliko la hisia. Siku kijana wa Kalemie atakapoandika programu ya kisolo, ndugu wa bao achezwaye na Waluba, au mkusanyo wa vitendawili vya ziwani, kunakili mashimo ya ubao na maneno ya mtego hakutamshinda. Mtihani wake utakuwa mwingine: mtu akishindwa, mashine itamdai mji, na atakuwapo nani wa kuupokea? Programu itakayopata jibu la swali hilo itakuwa imehifadhi kitendawili. Isiyolipata itakuwa imehifadhi majibu tu.