Papai, Mbuzi na Hesabu za Serikali

Mei 3, 2020, Rais John Magufuli aliwaambia Watanzania kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Wengi walicheka, wengine walikasirika. Mimi naona, ndugu msomaji, jambo lile lilistahili kufikiriwa kuliko kuchekwa.

Kupima kipimo si kosa. Maabara makini hupelekewa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, ili ionekane kama kazi yake inaaminika. Kiongozi anayeshuku majibu ana haki ya kuuliza, na kamati iliundwa kuichunguza maabara ile. Kosa liko kwingine. Takwimu za ugonjwa zilitolewa mara ya mwisho mwaka 2020: wagonjwa 509 na vifo 21. Zikakaa kimya zaidi ya mwaka mzima. Mwenye duka akigundua mizani yake ni mbovu huitengeneza. Hawaambii wateja kwamba tangu leo sukari itauzwa kwa kukisia.

Bila hesabu, mwananchi atauliza nini? Juni 2020 tulitangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha nchini. Februari 1, 2021, Waziri wa Afya alisema hakuna mpango wa kupokea chanjo. Siku 16 baadaye alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba anaugua korona. Kiongozi mkubwa kama yule alikuwa na chama cha kumsemea. Mkulima wa kijijini alisemewa na nani?

Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 akachanjwa hadharani. Tunashukuru. Lakini shukrani hiyo yenyewe yatutia mashaka, kwa maana ikiwa ukweli wa afya zetu hubadilika kila anapobadilika mkaaji wa Ikulu, basi tulichonacho si utaratibu bali ni bahati.

Tena bahati haidumu. Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza yenyewe ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na watu wakajihadhari. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza kwamba Marburg inashukiwa huko huko Kagera, wizara ilijibu kuwa sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais akathibitisha kwamba upo. Serikali ilikuwa ile ile, na mkoa ule ule.

Kwa hiyo tusiombe viongozi wema tu. Tudai sheria inayotaja siku ya kutoa takwimu, apende asipende aliyeko madarakani, na wabunge wanaouliza siku hiyo ikipita. Nasi wenyewe tuache kufurahia kuambiwa kwamba hakuna tatizo.

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mtu mmoja akificha, kilio ni cha nyumba yake. Serikali ikificha, wanaolia ni watu ambao hawakuficha kitu.