Methali si hoja
Juzi mjukuu wangu wa Gredi ya 8 alinionyesha insha yake ya kushawishi: simu zipigwe marufuku shuleni. Aya ya kwanza ilijaa methali, ‘majuto ni mjukuu’ ikitangulia. Nikamuuliza, “Sawa, lakini kwa nini?” Kimya. Kosa si lake. Sisi walimu ndio tuliozoea kutuza mapambo kuliko hoja.

Insha ya aina hii hudai msimamo bayana tangu mwanzo, kisha kila aya ibebe hoja moja na ushahidi wake. Zaidi ya hayo, mpinzani asikilizwe: “Ni kweli simu humwezesha mzazi kuzungumza na mwanawe, hata hivyo, simu ya ofisini yatosha.” Asiyejibu pingamizi hajamshawishi yeyote, amejipigia makofi tu.