Ufundi wa Marashi ya Mlimani

Soko la manukato la Deira, Dubai, huuza waridi kwa mafuta, kwa maji na kwa udi uliochanganywa, lakini sifa ya kwanza wanaistahili mafundi walio mbali na maduka hayo, juu ya Jebel Akhdar nchini Oman, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako ubaridi wa usiku hulifaa ua ambalo joto la pwani lingelichosha.

Waridi lao ni Rosa damascena, yaani waridi la Dameski, ambalo kila jani lake limegawanyika vijani vitano hadi saba, na ambalo miiba yake, tofauti na ya mlimau iliyo kitawi kilichochongoka, ni uchomozo wa ngozi ya shina tu, hata ukisukumwa ubavuni kwa kidole gumba hubanduka mzima. Waridi pori, kama Rosa abyssinica la milima ya Ethiopia na Yemen, lina petali tano nyeupe. La Dameski lina nyingi, kwa kuwa stameni zake, yaani viungo vya kiume vibebavyo chavua, ziligeuka petali, na wakulima wakaichagua na kuikuza miche ya namna hiyo kizazi hadi kizazi. Anayeliita zawadi ya maumbile peke yake basi anawapunja.

Harufu hutoka katika ngozi nyembamba ya petali na hupeperuka jua likipanda, ndiyo maana ua huchumwa alfajiri, kati ya mwishoni mwa Machi na Mei. Hapo huanza kukeneka, yaani kudaka mvuke hadi ugeuke maji: petali hutiwa katika chungu juu ya tanuri la udongo, bakuli la shaba huwekwa ndani yake, na juu hufunikwa kwa beseni la shaba lenye maji baridi, ambalo mvuke ukiligusa chini hutona bakulini. Fundi hubadilisha maji hayo kila yanapopata moto, kwani akichelewa mvuke hutoroka. Feniletanoli, mojawapo ya viini vikuu vya harufu ya ua bichi, huyeyuka majini kwa wepesi kuliko viini vingi vya mafuta ya waridi, kwa hiyo marashi ya mrashi wa harusini hubeba kitu ambacho mafuta ghali hukipoteza.

Marashi hayo huachwa mitungini yatuame, yakiwa na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Mitambo ya gesi hutoa maji meupe, na wapo wanunuzi wanaoyapendelea. Saa ya kuchuma, hata hivyo, bado huamuliwa na mkulima.